Vifurushi Vilivyopigwa Pasi

Jumapili, 2 Februari

Mwanangu,

Naomba karatasi hii ikukute umekaa na umekula, si umesimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi kama kawaida yako. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unaniambia "Mama, fupisha", na hili siwezi kulifupisha. Dereva wa gari la dawa amekubali kutubebea barua kila akija huko kwenu. Mpe maji ya kunywa, ni mtu mzuri ila anapenda kuulizwa habari za mgongo wake.

Wamenitoa kwenye ufuaji. Baada ya miaka yote ile ya mashuka ya wodi na makoti ya madaktari, naambiwa, mama, wewe ni msafi na hukosi kazini, nenda chumba cha mvuke. Huko ndiko vyombo vya upasuaji vinakopikwa. Wao wana jina refu la hiyo kazi, mimi naita kupika. Visu na mikasi vinafungwa ndani ya vitambaa vizito, vinakuwa vifurushi, vinaingizwa kwenye mashine mpya kubwa kama kabati la nguo. Mvuke unaingia, vijidudu vinakufa, kifurushi kinapelekwa kwa daktari. Kikiwa hakikuiva, mwanangu, mgonjwa anafunguliwa tumbo kwa kisu chenye uchafu.

Tukapewa mafunzo. Siku nzima tumekaa ukumbini, kijana wa kampuni iliyouza mashine anatuonyesha picha ukutani. Mishale, namba, halafu mishale tena. Shati limemlowa mgongoni. Kila akimaliza picha anatutazama kama mtoto aliyesahau maneno mbele ya wageni. Nilimwonea huruma, nikamfikiria mama yake. Alipouliza, "Mmeelewa, mama zangu?" nikawa wa kwanza kujibu, "Tumeelewa baba, endelea." Wenzangu wote wakaitikia. Akapumua. Basi ikawa hivyo hadi jioni, na tumepewa vyeti. Changu nimekibandika juu ya kitanda.

Sasa nina swali. Yupo mwenzangu mmoja, naye alisema ameelewa kama sisi wengine. Kumbe hakushika kitu. Anaogopa hata kuigusa ile mashine, na kesho kutwa anaachwa nayo peke yake. Wewe ndiye mwalimu wa watu wazima. Mtu kama huyo afanyeje?

Mdogo wako anakusalimu. Tumbo limekuwa kubwa, anatembea kama bata mwenye hasira.

Mama yako

*

Jumamosi, 8 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimemuuliza dereva habari za mgongo wake na sasa nazijua zote, asante sana.

Cheti! Nimewasimulia wenzangu wote hapa kiwandani. Mama yangu, aliyeacha shule akiwa hajui kugawanya, leo anaendesha mashine ya hospitali. Nimejisikia kama ni mimi niliyepewa.

Kuhusu huyo mwenzako, mwambie ukweli bila kumbembeleza. Achukue kitabu cha maelekezo akisome. Ninao wa aina yake humu, tangu waniweke kufundisha usalama kwa watu wa mashine za kukata bati. Nawaandalia picha nzuri, nawaeleza taratibu, nawauliza kama wameelewa, wanaitikia kwa pamoja kama wanafunzi wa chekechea. Wiki inayofuata mtu anaingiza mkono pale pale nilipomkataza. Ukimuuliza, anasema alisahau. Hakusahau, Mama. Hakutaka. Umri ukisogea kichwa kinafunga mlango, na mtu anaona aibu kujifunza. Mwenzako akishindwa, aombe arudishwe kufua kabla hajamdhuru mtu.

Wewe endelea hivyo hivyo. Mwambie mdogo wangu asinyanyue ndoo.

Mwanao

*

Jumapili, 16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimempa mwenzangu ujumbe wako. Amerudi kwenye mashine yake.

Kazi inaendelea. Siku hizi sinywi chai nikiwa zamu, kwa sababu nikitoka naona kama mashine itafanya kitu nyuma yangu. Inavuma, inanyamaza, inapiga mluzi, taa nyekundu inakuwa ya kijani. Ikiwa ya kijani nafungua. Hilo nimelishika.

Ngoja nikupe la kukufurahisha. Vifurushi vikitoka, hasa vya rafu ya chini, vina unyevu. Mwingine angevipeleka hivyo hivyo. Mimi na nguo mbichi hatujawahi kupatana! Nikaenda kule kwetu kwa zamani nikachukua pasi, nikavipiga kimoja kimoja, pembe zikakaa, vikawa vikavu na vimenyooka kama bahasha. Nesi wa chumba cha upasuaji akaniambia, "Mama, tangu uje vifurushi vinapendeza." Nilikaribia kuruka.

Mama Pacha, wa zamu ya mchana, alinikuta nikipiga. Sikumwambia hata neno. Akasimama, akatazama, akachukua pasi mkononi mwangu, akamaliza vilivyobaki. Sasa zamu zote wanapiga. Na hakuna aliyeitwa ukumbini.

Mdogo wako kaonwa na daktari. Mtoto amekaa mlalo na hageuki, kwa hiyo atazaa kwa upasuaji, hapa hapa kwetu, mwanzoni mwa Machi. Nimemwambia asiogope, vyombo vyake vitapikwa na mama yake mwenyewe. Akacheka. Mimi nikaenda chooni nikakaa kidogo.

Mama yako

*

Jumamosi, 22 Februari

Mama,

Shikamoo. Habari ya pasi nimeipenda mno! Huo ndio uzoefu ninaowahubiria hawa watu wangu: mtu anakuja kazi mpya na ujuzi wake wa zamani, hauachi mlangoni. Jana nimekusimulia darasani kama mfano. Wamekupigia makofi.

Kuhusu mdogo wangu, usiwe na wasiwasi, upasuaji wa uzazi siku hizi ni jambo la kawaida.

Jumatatu, 24 Februari. Mama, dereva alichelewa, kwa hiyo barua bado ninayo, naongeza haya. Jana nilikutana na rafiki yangu niliyesoma naye, sasa ni nesi. Nikamsimulia habari ya pasi tucheke pamoja. Hakucheka. Aliniuliza mara mbili kama vifurushi vilikuwa vimelowa. Anasema kifurushi kikitoka na unyevu, kimeharibika. Uchafu wa meza, wa mkono, wa hewa, unapenya kwenye kitambaa kibichi mpaka ndani kwenye kisu. Ukikikausha kwa pasi unaufunika tu. Kinatakiwa kifunguliwe, kifungwe kwa kitambaa kikavu, kipikwe upya.

Nimekupigia simu leo nikuambie. Nilipotaja unyevu tu ukasema "nipo kazini" ukakata. Hujawahi kunikatia simu.

Mama, muulize Sista Mkuu, msimamizi wa manesi wenu. Labda mashine yenu ni ya aina nyingine.

Mwanao

*

Alhamisi, 27 Februari

Mwanangu,

Ulipopiga, pasi ilikuwa mkononi. Nilijua unachotaka kusema kabla hujakisema, kwa sauti tu. Ndiyo maana nilikata. Barua yako nimeipata jana, nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaisoma tena.

Yule mwenzangu ni mimi. Kama ulishajua, nisamehe kwa kukuzungusha. Kama hukujua, basi akili hukuichukua kwangu.

Kichwa changu hakijafunga mlango, mwanangu. Kilikuwa wazi siku ile nzima. Ila yule kijana alikuwa akimimina, na mimi sikuwa na chombo cha kukingia. Angenipeleka kwenye mashine akaniambia shika hapa, ningeshika. Angeniuliza kule kufua nilikuwa nafanyaje, ningemwambia nguo mbichi napiga pasi, naye angesema, ala, mama, huku usithubutu! Hakuuliza. Na mimi nilimfunga mdomo kwa huruma yangu.

Kitabu nimekisoma. Herufi kama sisimizi. Nimefika ukurasa wa onyo, nimeona fuvu la mtu, nikakifunga.

Sasa sikiliza linaloniua. Wodi ya wazazi kuna mwanamke kidonda chake kimeharibika. Alijifungua kwa upasuaji, akaenda nyumbani vizuri, amerudishwa ana homa na kidonda kinatoa harufu. Nimepita mlangoni kwake mara nyingi kuliko kazi inavyotaka. Mtoto wake mdogo ana nywele nyingi. Sijui kama ni mimi. Kidonda kinaweza kuharibika kwa mambo mengi, nimewasikia manesi wakisema hivyo. Lakini nikitazama mikono yangu naona pasi.

Nimekwenda kwa Sista Mkuu nimwambie. Nimebisha, nimeingia, akaniuliza, "Ehe, mama?" Nikasema sabuni imekwisha. Akanipa sabuni. Kesho yake nikarudi, nikatoka na sabuni nyingine. Sasa nina sabuni za kuanzisha duka na siri yangu iko pale pale.

Nikisema, nafukuzwa. Labda napelekwa polisi. Mama Pacha naye anafukuzwa, na alijifunza kwangu. Nisiposema, Jumatatu mdogo wako analazwa kwenye ile meza. Hata mimi nikiacha pasi, zamu ya mchana wanapiga, zamu ya usiku wanapiga. Yule kijana alisema siku nzima na hakuna aliyeshika. Mimi nilionyesha mara moja, bila kufungua mdomo, na limeenea hospitali nzima. Nani atalizuia?

Mdogo wako ananiuliza mbona sili.

Mama yako

*

Jumamosi, 1 Machi

Mama,

Sema. Usiningoje mimi, usingoje barua. Nimepiga simu na hupatikani, na nimemwomba dereva aondoke mapema kwa ajili ya karatasi hii. Ukifukuzwa utakuja kukaa kwangu na tutakula tutakachokula. Sema kabla ya Jumatatu.

Nilikosea kuhusu mwenzako. Nilikosea hata kabla sijajua ni wewe, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Jana sikuwasha picha. Niliwapeleka watu wangu kwenye mashine ikiwa imezimwa umeme, nikasema, leo nionyesheni mimi, sijui kitu. Wakatazamana. Nikamwomba mzee wao, tunayemwita Mjomba Bati, anayenichekesha kila asubuhi. Akakata bati la kuigiza. Ilipofika mahali pa kutoa kipande kilichokwama, akainua kizuizi kwa goti, mkono ukaingia chini ya kisu, ukatoka, kama mtu anayetoa mkate kabatini. Nikamuuliza, "Mjomba, hilo umelitoa wapi?" Akasema, "Mashine ya zamani ilikuwa haina kizuizi, mwanangu. Hii wametuwekea mlango, mimi naufungua." Nikawauliza wengine nani anafanya hivyo. Wote. Wamejifunza kwake kwa kumtazama.

Nikakaa juu ya kreti. Nimekuwa nikiufundisha ukuta, Mama, na watu wamekaa kati yangu na ukuta kwa adabu tu.

Nimeomba ruhusa nije, wamesema mpaka mwisho wa mwezi. Shika mkono wa mdogo wangu kwa niaba yangu.

Mwanao

*

Jumatano, 5 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeipata jana. Nilikuwa nimeshasema, lakini ngoja nikueleze, usinisifu bure.

Ijumaa sikusema. Jumamosi sikusema. Jumapili nimekaa na mdogo wako nikimsuka nywele, kila nikifungua mdomo namwambia ageuze kichwa. Jumatatu asubuhi nimeingia zamu, nikakuta vifurushi vya siku ile vimeshatolewa na zamu iliyopita, vimepangwa kwenye toroli, vimenyooka kama bahasha. Nikavigusa. Bado vilikuwa na joto la pasi.

Nesi akaja kuchukua toroli. Nikalishika.

"Mama, achia, daktari ananisubiri."

"Haliendi."

"Haliendi wapi?"

"Haliendi popote. Niitie Sista Mkuu."

"Mama, una homa?"

Kwa kweli mwanangu, mguu mmoja ulikuwa unacheza wenyewe kama cherehani. Lakini nimeng'ang'ania lile toroli mpaka Sista Mkuu alipokuja, na miwani yake kichwani na nyingine puani. Akasema, "Leo si sabuni, naona." Nikamwambia yote. Nilianza na ukumbi, nikaenda kwenye pasi, nikamalizia na yule mwanamke wa wodini. Nililia, lakini sikuacha kusema.

Aliifuta miwani ya puani, akaivaa tena. Halafu akaita watu wote wa chumba cha mvuke. Akauliza, "Nani mwingine anapiga pasi?" Hakuna. Wanatazama sakafu. Nikasema, "Jamani, ni mimi niliyewaonyesha, mzigo ni wangu." Mama Pacha akainua mkono. Kisha mwingine, kisha wote. Nimeona Sista Mkuu akishika meza.

Daktari alifoka mpaka korido nzima ikanyamaza. Upasuaji wote ukasimama. Mdogo wako alikuwa ameshavalishwa gauni la kijani, na uchungu ulikuwa umeanza kumjia mapema. Nimemsikia kupitia ukuta. Ananiita mimi, na mimi niko huku na vifurushi vyake vibichi.

Sista Mkuu akaniambia, "Nikikufukuza leo, hawa wote watajifunza jambo moja tu, kunyamaza. Njoo hapa. Pakia mashine, mimi natazama."

Nikapakia. Akaniacha mpaka nikamaliza, ndipo akauliza, "Mbona umeshindilia?" Nikamwambia mashine ya kufulia hujazwa, nusu mzigo ni hasara. Akasema, "Basi ndiyo maana vinalowa. Huku mvuke unataka njia." Akanishika mikono, tukatoa vingine, akaniambia nipitishe kiganja katikati ya kifurushi na kifurushi, kikipita mvuke nao unapita. Nikapitisha. Kuanzia hapo nimejua. Ni kiganja tu! Siku nzima ya mishale, na kumbe ni kiganja.

Ilipomaliza nikakimbilia mlango. Akanizuia. "Taa imekuwa ya kijani," nikasema. "Imekuambia nini?" "Vimeiva." "Na chakula kikiiva unakishika kwa mkono papo hapo?" Tukaacha vipoe na kukauka ndani, mlango umefunguliwa kidogo. Kungoja kule, mwanangu! Mdogo wako analia upande wa pili na mimi natazama chuma kikipoa. Kisha akamwita Mama Pacha, akaniambia, "Sasa mfundishe huyu, mimi niko nyuma yako." Nilikosea mara moja, akanisimamisha, nikarudia.

Vikatoka vikavu. Nimevigusa vyote kwa nyuma ya mkono, kama unavyompima mtoto homa. Vikavu.

Mtoto ni wa kike, amekuja na ngumi mbili. Mama yake yuko salama, anakuuliza zawadi iko wapi.

Lakini usishangilie. Kidonda hakisemi siku ya kwanza. Yule mwingine naye alitoka hapa akicheka. Kila asubuhi naomba nesi anifunulie bandeji niangalie. Nanusa. Mdogo wako anasema, "Mama, unaninusa kama samaki." Nikitoka kwake nakwenda zamu, nikitoka zamu nakwenda kwake. Kazini bado hawajaamua chochote juu yangu. Nimesikia kuna kikao.

Mjomba Bati mwambie nimemsalimu. Na usimkasirikie.

Mama yako

*

Ijumaa, 14 Machi

Mwanangu,

Leo wametoa nyuzi za mdogo wako. Pamefunga, pamekauka. Nesi alisema, "Mama, pumua." Nilikuwa nimesahau.

Kikao kimekwisha. Nimepewa onyo la maandishi, na nimebakizwa chumba cha mvuke, Sista Mkuu akiwa juu yangu kwa muda. Wakija watu wapya, mimi na Mama Pacha ndio tutakaowaonyesha, kwa mkono, mmoja mmoja. Nimemwambia Sista siwezi kusimama mbele za watu. Akasema hakuna mbele, kuna kando. Bado naogopa. Kila mlango wa ile mashine unapofunguka, nagusa kwanza vifurushi vya rafu ya chini.

Yule mwanamke wa kidonda amepata nafuu, homa imeshuka, ingawa kidonda chake kitachukua muda. Sista Mkuu alimweleza yeye na mumewe yaliyotokea kwenye vifurushi. Amewaambia haiwezekani kujua kwa uhakika, inawezekana ndiyo, inawezekana siyo. Mimi hakunitaja. Akaniambia hilo la kwako utaamua mwenyewe.

Leo baada ya kumwona mdogo wako nikaenda. Sikujitayarisha, ningejitayarisha nisingefika. Nikasimama miguuni pa kitanda chake, nikamsalimu, nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga pasi vile vifurushi. Wengine walijifunza kwangu."

Alinitazama. Akauliza, "Kwa nini?"

Nikasema, "Vilikuwa vimelowa. Nilifikiri navitengeneza."

Akageukia ukutani. Nimesimama pale sijui niweke wapi mikono. Nilipoona hageuki nikasema nakuacha upumzike, nikashika njia ya mlangoni. Mtoto wake akaanza kulia kwenye kile kitanda kidogo cha pembeni.

Nikamsikia akisema, bado kaangalia ukuta, "Unakwenda wapi? Mtoto analia, na mimi siwezi kuinama."

Nikarudi, nikaenda kwanza kwenye bomba nikanawa mikono mpaka viwiko. Halafu nikamchukua. Ni mzito. Nimetembea naye huku na huku mpaka alipolala, na yule mama hakusema neno jingine, wala mimi sikumwomba aseme.

Kesho nikitoka zamu nitapita tena.

Mama yako